Risala ya Wenye Chemchemi wa Lukenge Kabla ya Lango Kushushwa

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya;
Ndugu Meneja wa Kampuni, Bwana Laurenti;
Padri wetu wa misheni, na Shehe wetu;
Viongozi wa chama na wa serikali ya kijiji;
Dada yetu Jesca, mtafiti;
Majirani mliokaa, mliosimama, na ninyi mliopanda juu ya mawe ili muone vizuri:

Watu wa Lukenge tunakuamkia. Wengi wetu tunakupa shikamoo. Wachache, akiwemo mwenyekiti wetu Bibi Paskalia, wanaisubiri kutoka kwako, maana anasema yeye ni mkubwa kuliko baba yako na ametutuma tuliseme hilo mapema, lisije likaleta utata wakati wa chakula.

KUKUKARIBISHA

Mheshimiwa, karibu Matombo. Tunaandika haya kabla hujafika, lakini tuna hakika gari lako limefika lina matope mpaka kwenye vioo. Barabara hiyo tumeiomba katika kila risala tangu zama za chama kimoja. Leo hatutaiomba. Kama kuna aliyekwisha kuandika neno "barabara" kwenye karatasi yake, afute tu, tutamlipia kwa chai.

Mimi ninayesoma ni Semeni, katibu wa umoja, mwenye ule mgahawa wa njia panda ya misheni. Wenzangu hawakunichagua kwa elimu. Wanasema nikishika kipaza sauti hakuna anayesinzia. Wamenipa sharti moja: nisome yaliyoandikwa, nisiongeze umbea. Nimekubali. Ila tulikuwa tumekaa wengi wakati wa kuandika, na umbea mwingine uliingia wenyewe.

Tuliambiwa risala iwe ya shukrani na iwe fupi, kisha wewe usogee pale kwenye banio, ule ukuta wa zege wa kugeuzia mto mferejini, ushike ule usukani wa chuma uliofungwa utepe, uzungushe, na lango lishuke mtoni watu wakipiga makofi. Shukrani zimo humu. Ufupi umetushinda, kwa sababu tuliyo nayo yana maana kabla ya usukani kuzungushwa. Ukishazungushwa, hayana maana tena.

TULIKOTOKA

Jina la umoja wetu huwachekesha watu wa mjini. Wanadhani tunauza maji. Hatuuzi. Hapa Lukenge kila nyumba ina chemchemi yake, au inachangia na jirani, na kila chemchemi ina mkunga. Kwa wageni wasiomjua, mkunga ni samaki mrefu, mtelezi, mwenye umbo la nyoka lakini asiye na sumu wala ubaya wa nyoka. Hula wadudu na viluwiluwi, na maji anamokaa hubaki safi.

Kwetu Uluguru shamba hufuata ukoo wa mama, na bwana harusi ndiye anayehamia kwa mke. Basi binti akijengewa nyumba yake, wanawake wa upande wa mama huenda mtoni kumtafuta mkunga mchanga, mwembamba kama kamba ya kiatu. Humleta kwenye kibuyu na kumtia katika chemchemi ya nyumba mpya. Kisha hupanga mawe mahali maji yanapotokea, asije akaondoka. Haliwi. Hauzwi. Hupewa jina. Atakua humo mpaka awe mnene kama mkono wa mwanamume, na atazeeka pamoja na mwenye nyumba. Nyumba isiyo na mkunga tunaiona kama nyumba ambayo watu wake bado wako njiani.

Wa Bibi Paskalia anaitwa Mwamvita. Ndilo jina la rafiki yake aliyemletea siku ya harusi. Mwamvita mtu alikuwa Mwislamu, mpika vitumbua. Siku ile ya ndoa hakuingia kanisani. Alisubiri nje, kibuyu kichwani, mpaka misa ikaisha na jua likamkausha. Tulimzika zamani, Mungu amrehemu. Mwamvita mkunga akabaki, na kila asubuhi Bibi Paskalia huenda kumsalimia na kumpa habari za jana. Habari zenyewe nyingi huwa amezipata mgahawani kwangu.

Sasa, biashara zilipofunguliwa na malori ya ndizi kutoka Dar yakaanza kulala hapa, wageni walikuwa wengi kila wiki. Ndipo akaja dada Jesca kutoka chuo cha mjini. Tulidhani ni mnunuzi wa mdalasini, tukamletea mdalasini. Akasema anatafuta mikunga. Akatega migono yake mtoni, juu na chini, mvua na jua, akaambulia kaa na vikambale. Jioni moja akaja kwangu, akakaa mbele ya sahani ya ndizi bila kuigusa.

"Mama Semeni," akasema, "mto wenu umekwisha. Mikunga hakuna."

Mgahawa mzima ukacheka. Muuza ndizi mmoja akapaliwa na chai mpaka akapigwa mgongoni.

"Dada," nikamwambia, "mtoni utawapata wapi? Wako nyumbani! Kula kwanza, nikakuonyeshe wa kwangu, kama hutamchukua."

Alizungushwa chemchemi kwa chemchemi, na walioachwa kwa siku ile walinuna mpaka Jumapili. Alipofika kwa Bibi Paskalia akapiga magoti, akatia mkono majini taratibu, akampapasa Mwamvita tumboni. Kisha akakaa juu ya jiwe, mkono unachuruzika maji.

"Anaumwa?" Bibi akauliza.

"Haumwi, bibi. Anataka kuondoka."

Ndipo akatueleza, na tunakueleza na wewe, Mheshimiwa, maana hata sisi tuliozaliwa nao hatukuwa tunayajua. Mkunga hazaliwi huku. Huzaliwa mbali baharini, kwenye kina ambacho hakuna aliyekifikia. Akiwa mdogo, mwili wake ni kama kioo, husukumwa na mkondo mpaka mlangoni mwa mto wetu Ruvu, kule Bagamoyo, maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi. Hapo hupumzika kwenye matope ya mikoko, huzoea maji baridi, hubadilika rangi. Kisha hupanda. Hupita nyanda zote, huingia vijito, huparamia miamba iliyolowa, mpaka anafika kwetu. Hukaa huku miaka mingi. Na mara moja tu katika maisha yake, akishakomaa, huteremka na mafuriko ya masika, hurudi baharini, huzaa, hufa. Asiporudi, hazai kabisa.

Akina mama tukatazamana, kisha wote tukamtazama Mwamvita.

"Kumbe," akasema Bibi Paskalia, "mimi namtunza mwenzangu, namlisha, namsimulia, kumbe nimemfungia uzazi?"

"Hukujua, bibi."

"Mwenyewe alijua. Ndiyo maana kila masika anajigonga kwenye yale mawe. Mimi nilidhani anacheza."

TULIYOYAPATA

Mheshimiwa, usidhani tulikubali kuwaachia siku hiyo hiyo. Kikao kilifanyika mgahawani kwangu na karibu kivunje benchi.

"Mkimfungulia, nani atanisafishia maji?" akauliza mmoja ambaye jina lake tumelihifadhi kwa kuwa amekaa mstari wa mbele. "Semeni? Semeni ambaye hata sufuria zake zinamwogopa?"

"Angalau mimi nina sufuria," nikamjibu.

Mwingine akasema mambo ya bahari yanatuhusu nini watu wa mlimani. Hapo tukakubaliana tusiamue kitu. Kwanza twende tukaone. Dereva wa lori la ndizi akatupakia juu ya mikungu hadi mjini, na kutoka mjini hadi pwani dada Jesca akatafuta gari la chuo. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuvuka Mikese kwenye njia ya pwani.

Kule mlangoni mwa mto alitupokea Bwana Elia, mvuvi anayefanya utafiti pamoja na dada Jesca. Akachota maji kwa bakuli jeupe, akatuambia tutazame. Tukaona macho. Macho tu, yanaogelea. Tulipozoea ndipo tukaona na miili, myembamba kama uzi wa nailoni.

"Hawa wanasubiri," akasema.

"Wanasubiri nini?"

"Wanawasubiri ninyi, mama. Mto ukishuka na nguvu, wananusa maji ya mlimani, wanaifuata harufu. Siku hizi mvua hazijulikani zinakuja lini. Mto unachelewa, chumvi inapanda mpaka kwenye mashamba ya mpunga, na hawa wanazubaa hapa mpaka wanaliwa."

Tukauliza mbona mikoko ya upande mmoja imekauka. Akatupeleka tukaone. Chini ya ile miti iliyokufa palikuwa na udongo mpya umefunika mizizi. Bibi Paskalia akainama, akaushika, akausugua kidoleni. Mwekundu. Mheshimiwa, tuliutambua udongo wetu kama mtu anavyotambua kanga yake kwenye kamba ya jirani.

"Huu ni wa shambani kwetu," akasema.

"Basi rudi nao, bibi," Bwana Elia akamtania. "Sisi umetutosha."

Tulicheka, lakini njiani kurudi hakuna aliyeilaumu mvua. Tulikuwa tumezoea kulaumu mvua. Mvua kweli zimebadilika, hilo hata mtoto anajua; vuli inaruka, masika inakuja imekasirika. Lakini huko juu tumechoma moto, tumelima mpaka ukingoni mwa mto, na kila mvua inapokuja inakuta udongo umelegea.

Basi mafanikio yetu ni haya. Ukingo wa Mto Lukenge, huu unaomwaga maji yake Ruvu, hatuulimi tena. Tumepanda migomba na matete kuushika udongo. Na sisi ambao wazee wetu waligomea matuta ya mkoloni mpaka habari zikafika Ulaya, tumechimba matuta kwa mikono yetu, bila kuamriwa na mtu. Mjomba wa ukoo wetu, mzee Bonifasi, alipoyaona alisema, "Laiti Mzungu yule angekuwa hai, angetudai asante." Tukamwambia hatumpi.

Mwaka jana zikaja zile mvua za elnino. Zilibeba madaraja, zilibeba nyumba, na kuna waliopotea ambao bado tunawalilia. Lakini maji yalipotulia, siku moja asubuhi wanawake waliokwenda kufua waliona nyuzi zinapanda kwenye mwamba uliolowa, hapa hapa chini ya banio lilipo leo. Mikunga wachanga. Miaka mingi hatukuwa tumewaona. Dada Jesca alikuja mbio peku, akateleza, akakaa majini na nguo zake, akawa anacheka na kulia, na sisi tukacheka kwa sababu yeye anacheka.

Wengine wakataka kuwachota siku hiyo hiyo. Binti yangu mwenyewe aliolewa mwaka juzi na chemchemi yake iko tupu. Nilisimama pale na kibuyu mkononi, Mheshimiwa. Nikarudi nacho kitupu, na binti yangu hakunisemesha mpaka jioni. Lakini tulikuwa tumeshaona yale macho kwenye bakuli. Siku hiyo ndipo tulipoamua: masika inayofuata, kila nyumba itaondoa mawe.

Masika imechelewa tena. Tulingoja. Wiki iliyopita mawingu yalipokaa juu ya mlima kwa namna tunayoijua, tukawatoa. Kwa kuwa vijito vya kutoka chemchemini ni vyembamba mno kwa mikunga wakubwa hivyo, tuliwabeba kwenye mabeseni yaliyofunikwa kanga mbichi, tukawatia katika kidimbwi kirefu cha mtoni, kile pale, juu kidogo ya banio, wasubiri mto ujae. Bibi Paskalia alikuwa wa mwisho. Alimbeba Mwamvita mwenyewe, akakataa kusaidiwa, njia nzima anamweleza jinsi ya kupita: akifika darajani ashike upande wa kivuli, akifika kwa watu wa bondeni asitoe kichwa.

YANAYOTUTIA HOFU

Hapa, Mheshimiwa, ndipo shukrani na hofu zinapokaa kwenye kiti kimoja.

Hatupingi mradi. Tunaomba hilo liandikwe. Shamba hili lililokuwa la ushirika lilikaa pori tangu ushirika ulipolala, tukabaki kufukuza nguruwe tu. Kampuni imekuja, imelisafisha, imechimba mfereji, vijana wetu wamepata vibarua, na mboga zitakapoanza kwenda mjini na sisi tutapata kupita kwenye barabara itakayotengenezwa kwa ajili ya mboga hizo. Bwana Laurenti hula kwangu kila siku, hachagui chakula, na anajua kuuliza habari za wagonjwa. Si mtu mbaya. Tunamsema mbele yake kwa kuwa nyuma yake tumeshamsema tukachoka.

Bwana Laurenti alituambia lango litashushwa baada ya masika, mwezi wa sita. Kwa neno hilo ndipo tukawatoa mikunga. Jumatatu tukasikia siku imeletwa karibu, sherehe ni Ijumaa, kwa sababu ndiyo nafasi iliyopatikana kwako. Hatumlaumu mtu kwa kuwa na kazi nyingi. Lakini mikunga walikuwa wameshatoka, na chemchemini hatuwezi kuwarudisha: kidimbwi ni kirefu, wao ni wepesi, na mto umeanza kupanda.

Nilimkimbilia Bwana Laurenti akiwa bado hajamaliza supu.

"Mama Semeni," akaniambia, "mradi mzima usimame kwa ajili ya samaki wa visimani?"

"Baba, hawako visimani. Wako nyuma ya lango lako."

"Si watapita juu maji yakijaa?"

Tulimwita Petro, fundi aliyeliunga lango hilo, akiwa na miwani yake ya kuchomelea juu ya kichwa. Petro akasema ukweli, na tunamwombea asifukuzwe kwa hilo. Lango likishushwa lote, hakuna upenyo hata wa kidole. Juu maji yatamwagika kwenye zege lenye ncha, na upande wa chini ni mawe. Mkunga mzito akipita huko hafiki mzima. Na wachanga wanaopanda watakuta ukuta laini wa zege, wima. Hawana mbawa.

"Na likiachwa wazi chini kidogo?" nikamwuliza.

"Masika maji ni mengi, mama. Liache wazi shubiri moja, mfereji hautajua."

Bwana Laurenti akanywa supu yake mpaka mwisho. Akasema, "Mimi ni meneja. Aliyealikwa kushusha lango ni Mheshimiwa. Siwezi kumwambia Mheshimiwa aje ashushe nusu."

Ndiyo maana tunakwambia sisi.

Dada Jesca hajatutuma. Tena alituomba tusimtaje sana, kwa kuwa utafiti wake unahitaji kibali na kibali kinahitaji utulivu. Lakini ametueleza jambo moja ambalo limetunyima raha. Kama hawa wa kwetu hawatafika baharini mwaka huu, haijulikani kama wana nguvu ya kungoja mwaka mwingine. Tayari wameacha kula. Mkunga akishakomaa tumbo lake hujifunga, macho yake hukua, mgongo huwa mweusi, ubavu huwa wa fedha. Amejiandaa kwa safari na hana maandalizi mengine. Mwamvita yuko hivyo. Bibi Paskalia alidhani amezeeka tu kama yeye.

MAOMBI

Mheshimiwa, Petro ametueleza kwamba usukani ule ukizungushwa kulia, lango hushuka. Ukizungushwa kushoto, lango hupanda. Sasa hivi limening'inia nusu, limewekwa hivyo makusudi ili ulimalizie.

Ombi letu ni kwamba uzungushe kushoto.

Utepe utakatika vilevile. Makofi tutapiga, tena zaidi. Mpiga picha aliyetoka mjini atakupiga ukiwa umeshika usukani, na katika picha hakuna atakayejua ulikuwa unauzungusha upande gani. Mradi utakuwa umezinduliwa. Bwana Laurenti atakuwa ametii. Na mto utapita.

Tunaomba pia kila masika lango liachwe wazi ile shubiri moja aliyoisema Petro, na kiangazi lishushwe, hatuna neno. Kuhusu wachanga, dada Jesca amechora njia ndogo pembeni ya banio, ya mawe na magunia ya katani yanayobaki yamelowa, ili waparamie. Mawe tumeshayakusanya, yale pale, msidhani ni ya kukaa. Magunia nitayatoa mimi. Tunaomba ruhusa tu.

Na jambo la mwisho, ambalo Bwana Elia alituagiza tukipata nafasi ya kusema na mkubwa yeyote: watu wa mlangoni mwa mto wasiwe wa mwisho kujua kinachofanyika huku kwenye chanzo. Kila banio linalojengwa mlimani, wao hulijua kwa chumvi. Wakati wa kupanga, waitwe. Hata kama hakuna nauli, tutawalaza sisi. Nyumba zetu hazijawahi kujaa mtu akakosa pa kulala.

HITIMISHO

Mheshimiwa, unaona akina mama wengi wamekuja na ndoo na vikapu. Si za kutekea maji ya kupikia, chakula kimeiva tangu asubuhi. Ni kwa ajili ya lango. Likishuka, tutaingia mtoni hapo hapo, tujaribu kuwakamata na kuwavusha kwa mikono, mvua inyeshe isinyeshe. Hatutafanya fujo, hatutapiga kelele, tumeahidiana. Tunakueleza tu ili askari wako wasishtuke wakiona watu wazima wanaruka majini na nguo za sherehe.

Na kama itakuwa hivyo, bado utakula. Wali upo, ndizi za nazi zipo, kuku wapo, na nimeweka watu wa kuhudumia ambao hawajui kuogelea. Hakuna aliyekuja Lukenge akaondoka na njaa, na hatutaanza leo kwa sababu ya hasira. Ila meza zitakuwa tupu upande wetu, na utatusamehe.

Kiti kilicho wazi pale meza kuu ni cha Bibi Paskalia. Hajakosa adabu. Yuko pale juu ya mwamba, ukigeuza shingo utamwona, yule mwenye kanga ya njano, miguu ndani ya maji. Nilimwambia, "Bibi, njoo ukae na wakubwa." Akanijibu, "Mwenzangu alinisubiri mimi nje ya kanisa jua zima. Na mimi namsubiri."

Desturi ni mgeni rasmi kupewa zawadi. Mbuzi tulifikiria, kitenge tulifikiria. Mwisho tumekubaliana tukupe kile ambacho kwetu hatumpi mtu wa nje. Mkunga mchanga wa kwanza atakayepanda mwamba huu baada ya leo, atapewa jina lako. Zamani tungemtia kwenye chemchemi na kumpangia mawe. Huyu hatutamtia popote. Tutamwita kwa jina lako, tutamwacha apite, na watakaomwona huko juu watatuambia alikofika.

Mungu wa kanisani na wa msikitini, ambaye ni mmoja, aubariki mkono wako unaposhika chuma kile. Akurudishe nyumbani salama kwa barabara ile ile, akuoneshe wajukuu wa wajukuu zako wakinywa maji haya.

Mvua imeanza kule juu, tunaisikia. Mheshimiwa, karibu kwenye usukani.

Ni sisi,
Umoja wa Wenye Chemchemi wa Lukenge, Matombo,
waliopo hapa, na walioko mtoni.